Maswali Yenu ya Bahari: Bonaire nizamie wapi kwanza?

*Kaka habari za kazi. Mimi baharia, kwetu Shangani hapahapa Mtwara. Mkataba wangu unaisha meli ikiwa Bonaire kule Karibiani na nimeruhusiwa kukaa wiki nzima kabla sijapanda ndege ya kurudi. Cheti cha kuzamia nilichukulia Mikindani, kile cha mwanzo, na Msimbati nimeshazamia. Wenzangu melini wamenipa orodha, Hilma Hooker, Karpata, 1000 Steps, Salt Pier, Klein Bonaire, na wote wanasema nianze na Hilma Hooker maana ndo yenye jina. We unaonaje, nianze wapi?*
*Baharia, Shangani*

Mdogo wangu hongera kwa kumaliza mkataba salama, na hongera zaidi kwa kuuliza kabla hujafika. Hilma Hooker usianze nayo. Sikwambii uiache kabisa, nakwambia iwe siku za mwisho na uwe na mwongozaji, na sababu ntakupa.

Ile ni meli ya mizigo ya urefu wa mita 72, ilikamatwa pale kisiwani na bangi ya zaidi ya tani 10 imefichwa ndani, ikakaa huku inaingiza maji mpaka tarehe 12 Septemba 1984 ikazama, sasa imelala ubavu wa kulia kwenye mchanga katikati ya miamba miwili. Ni nzuri, sikatai, ukiiona inavyotokea kwenye ule ubluu moyo unadunda. Lakini sehemu yake ya juu unaikuta kwenye mita 18 hivi na mchanga uko mita 30. Cheti chako kinakuruhusu mita 18, yaani ukifika tu mlangoni ruhusa yako imeisha, na meli kubwa vile ina tabia ya kukuvuta, unaona propela kule chini unasema nikaione mara moja, unaona tundu unataka kuchungulia. Halafu kuna hewa. Juu ya maji presha ni 1, kila mita 10 unayoshuka inaongezeka 1, kwa hiyo kwenye mita 30 kila pumzi inakula hewa mara 4 ya ile ya juu, mtungi unaokupa saa nzima kwenye mita 8 kule chini haukufikishi hata nusu saa, na mtu mwenye wasiwasi anavuta haraka zaidi ya hapo. Wenzako wamekupa orodha ya majina, mimi nataka ujichagulie kwa vitu vitatu, upepo unatoka wapi, utaingiaje na kutokaje majini, na hewa yako inakutosha vipi. Jina liwe la mwisho kabisa.

Tuanze na upepo maana hapa sisi watu wa kusini tunaweza tukachanganyikiwa. Sisi tumezoea kuhesabu maji, bamvua au maji mafu, yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, bahari yetu siku ya bamvua inapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo wake wote unatokana na hapo. Bonaire maji kujaa na kupwa huwezi hata kuona kwa macho, ni chini ya nusu mita, kwa hiyo ile hesabu yako ya mwezi kule haikusaidii sana. Kinachotawala kule ni upepo, na wenyewe hawana kusi wala kaskazi, upepo wao unatoka mashariki karibu mwaka mzima. Kwa hiyo upande wa mashariki wa kisiwa mawimbi yanapiga muda wote, na upande wa magharibi, ambako ndo kuna mji wa Kralendijk, maji yametulia kwa sababu kisiwa chenyewe kinaukinga upepo. Ndo maana vituo vya kuzamia viko zaidi ya 80 na karibu vyote viko magharibi au kuzunguka Klein Bonaire, kile kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu kinachotazamana na mji. Mtu akikwambia twende mashariki kuna kasa na taa wakubwa, ni kweli wapo, lakini huko unaenda kwa boti na wenyeji wanaoijua, sio wewe na pikapu ya kukodi.

Na pikapu utakodi, maana uzuri wa Bonaire ndo huo. Mwamba uko karibu sana na nchi kavu, unaegesha gari kandokando ya barabara, unavaa, unaingia kwa miguu, unaogelea kidogo juu ya mchanga halafu mwamba unaanza kwenye mita 8 mpaka 10 na unashuka kama paa la nyumba. Vituo vimewekewa mawe ya rangi ya njano yameandikwa majina, humuulizi mtu. Kwenye gari usiache kitu chochote, simu, pesa, viatu vizuri, chochote, vitu kwenye magari ya wazamiaji vinaibiwa na wenyewe wanajua, wengi wanaacha vioo wazi makusudi mwizi asivunje.

Siku ya kwanza huna ujanja, bahari yote inayozunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979, kuanzia maji yanapofika yakijaa mpaka kina cha mita 60, kwa hiyo unalipa tozo ya hifadhi, unakaa kuelezwa sheria, na daivu yako ya kwanza ni ya kujipima tu uzito na vifaa karibu na senta, yaani duka la wazamiaji. Wako wanaoikimbiza hii daivu waende kwenye majina makubwa. Mimi naipenda kuliko zote. Waombe uifanyie Bari Reef kama senta yako iko upande huo, iko karibu na mji, haina mkondo wa kutisha, na samaki wa pale ni wengi kupita kiasi, mikunga, kasuku wa baharini yaani kina pono, hata farasi wa baharini ukiwa na macho ya subira. Kama uko upande wa uwanja wa ndege basi Windsock, nayo ni rahisi kuingia. Pale jipime hewa, shuka na bar 200 kwenye mtungi uone baada ya dakika 20 kwenye mita 10 umebaki na ngapi. Hiyo namba ndo itakayokuchagulia vituo vya wiki nzima, sio mimi na sio wenzako wa melini.

Salt Pier ndo ningekupeleka siku ya pili kwa moyo wote. Ni gati la kupakilia chumvi, linafanya kazi mpaka leo, na nguzo zake zimeota sponji za rangi zote, samaki wamejaa katikati ya nguzo wanacheza na mwanga unaoshuka toka juu. Kina chake ni kidogo, sehemu kubwa ya uzuri haizidi mita 12 kwenda chini, yaani iko ndani kabisa ya cheti chako na hewa itakaa. Ila kukiwa na meli imefunga hakuna kuzamia, wewe baharia hilo huhitaji kufundishwa, kwa hiyo asubuhi kabla hujapakia mitungi uliza kama gati liko wazi. Barabara hiyohiyo ukiendelea kusini utaona vibanda vidogo vya mawe ufukweni, vilijengwa miaka ya 1850 vya kulala watumwa waliokuwa wanachota chumvi, White Slave na Red Slave, mtu mzima anaingia kwa kuinama. Simama hapo uvitazame, sisi ambao watu wetu walipitishwa Mikindani na Kilwa hatuwezi kupita hapo tunawaza samaki peke yake. Kuhusu kuzamia Red Slave ngoja kwanza, iko karibu na ncha ya kusini, mkondo unazunguka hapo na mawimbi yanafika, sio ya mtu wa cheti cha kwanza peke yake.

1000 Steps jina tu linatisha, ngazi hazifiki hata 100, lakini ukizipanda na mtungi mgongoni baada ya daivu utaelewa kwa nini waliita vile. Kwa hiyo pale kinachoamua ni kutoka, jiulize nikiwa nimechoka ntapanda? Kijana kama wewe utapanda, ila enda asubuhi kabla jua halijawaka. Karpata iko kaskazini zaidi, mwamba wake unateremka vizuri sana na matumbawe makubwa, mahali pa kuingilia ndo pa kuangalia, pana mawe na wimbi likiwepo linakupiga ukiwa umeshika mapezi mkononi. Simama juu kama dakika 10 uhesabu mawimbi. Yakikuridhisha ingia, yasipokuridhisha geuza gari, vituo vingine viko palepale barabarani. Klein Bonaire unaenda kwa boti na pale boti zote zinafunga kwenye maboya, kutupa nanga juu ya matumbawe ni marufuku, jambo ambalo natamani sana manahodha wetu walione kwa macho yao.

Mkondo hata kule upo, usidanganyike na utulivu. Kabla hujashuka angalia kamba ya boya inavutwa upande gani, anza kwa kwenda kinyume na mkondo, mtungi ukifika bar 120 au 100 geuka, urudi na mkondo ukikusaidia, na ufike juu ukiwa bado na 50. Kwenye mita 5 simama dakika 3. Unayajua haya, nayarudia kwa sababu kule hakuna mtu wa kukushika mkono, uhuru wa kuingia mwenyewe toka ufukweni una gharama yake na gharama ni kwamba kila hesabu ni yako na mwenzako. Peke yako usizamie.

Sasa Hilma Hooker. Una wiki nzima, kwa nini usichukue kozi ya pili palepale? Advanced ni daivu 5, mojawapo ni ya kina kirefu mpaka mita 30, siku mbili umemaliza, na unaweza ukaomba hiyo ya kina ifanyike palepale kwenye hiyo meli na mwalimu pembeni. Ukiiona hivyo utaiona kwa raha. Ndani usiingie, kuingia ndani ya meli iliyozama ni kozi nyingine kabisa.

Mawili ya mwisho. Kuna ugonjwa unaoua matumbawe, ulianza Florida 2014 na Bonaire ukaonekana 2023, unakula matumbawe magumu zaidi ya aina 20 na ndani ya wiki chache tumbawe lililokaa mamia ya miaka linabaki mfupa mweupe. Kwa hiyo uliza senta vituo gani vimeathirika, anza na visivyoathirika ndo uende vilivyoathirika, usigeuze, na vifaa vyako visuuze kwenye dawa wanayoweka kila jioni. Glovu usibebe, zimekatazwa, ili mtu asishikeshike. Na siku ya ndege usizamie, acha saa 18 zipite toka daivu ya mwisho, hiyo siku tembea mjini ule samaki.

---

*Mwanangu, mie mama wa Lindi, Kitunda. Binti yangu anasoma Ulaya, wenziwe wanamwita waende kuzamia Karibiani, wengine wanasema Bonaire wengine Cozumel, na wanataka waende mwezi wa tisa au wa kumi. Mie nasikia huko kuna vimbunga kila mwaka na hapa Lindi tunajua kimbunga ni nini. Nimkubalie?*
*Mama wa Kitunda*

Shikamoo mama. Hofu yako ina msingi, Lindi wazee wanakisimulia kile kimbunga cha 1952 mpaka leo, na Hidaya wa Mei 2024 sote tumemuona. Msimu wa vimbunga wa kule rasmi unaanza Juni 1 mpaka Novemba 30, na Septemba ndo kilele chake, kwa hiyo kweli wamechagua mwezi mgumu. Lakini visiwa havilingani. Bonaire iko nyuzi 12 kaskazini mwa ikweta, karibu kabisa na Venezuela, na vimbunga vingi vinapita kaskazini yake mbali, hali yake inafanana sana na yetu sisi ambao tuko nyuzi 10 kusini, pembezoni mwa njia ya vimbunga, tunakoswa miaka mingi halafu mwaka mmoja kinakuja. Kwao kilikuja Novemba 1999, kinaitwa Lenny, kilitembea kutoka magharibi kwenda mashariki kinyume na vingine karibu vyote, kwa hiyo kikapiga ule upande wao uliozoea kutulia na kuvunja matumbawe mengi. Cozumel iko Mexico, kaskazini zaidi, na hiyo iko njiani kabisa, Wilma wa Oktoba 2005 aliikalia.

Kwa hiyo mama, kama mwezi haubadiliki basi Bonaire. Na kuna sababu ya pili mbali na kimbunga, Cozumel mkondo ndo unaokubeba, mnashushwa na boti mnapeperuka na maji pembeni ya ukuta wa mwamba na boti inawafuata juu, kwa mzoefu ni raha kubwa sana, kwa mtu mwenye daivu chache ni kazi, ingawa sheria ya hifadhi ya pale inataka kila kundi liwe na mwongozaji na hilo linasaidia. Muulize binti amezamia lini mara ya mwisho, kama ni zaidi ya mwaka aanze na daivu ya kujikumbusha kwenye maji mafupi. Na awe na bima ya wazamiaji, bima ya safari ya kawaida mara nyingi hailipii chemba ya presha, ile wanayolazwa watu waliopanda juu haraka. Bonaire chemba wanayo kisiwani. Hilo la chemba na bima lingekuwa langu la kwanza kuuliza kama angekuwa mdogo wangu.

---

*Kaka shikamoo. Mi mvuvi wa Msimbati. Mzungu mmoja alikuja hapa akasema kule Karibiani yule samaki mwenye mapezi kama manyoya na mistari ya wekundu, mwenye miiba ya sumu, wanamuua kila wanapomuona. Kweli? Hapa kwetu watalii wanampiga picha. Halafu nataka kuanza kuwapeleka wageni kuzamia na kuangalia samaki, nichaguaje sehemu?*
*Mvuvi, Msimbati*

Marahaba mdogo wangu. Kweli kabisa, na hawakosei. Samaki simba kwao ni huku, bahari ya Hindi na Pasifiki, huku amekulia na wenzake, samaki wadogo wanamjua na wakubwa wanajua namna ya kuishi naye. Kule aliletwa na watu wa kufuga samaki kwenye vioo, Florida alionekana baharini 1985, baadaye akasambaa visiwa vyote, Bonaire wakamkuta 2009. Kule vifaranga vya samaki havimjui, vinamsogelea, anavimeza, na jike mmoja anaweza kutaga mayai milioni 2 kwa mwaka. Kwa hiyo wanaruhusu wazamiaji waliofundishwa wamchome kwa mkuki maalumu, wakati samaki wengine kuchoma kwa mkuki ni marufuku pale, halafu wanamla, nyama yake ni nyeupe na tamu, sumu iko kwenye miiba tu. Wewe huku muache aishi. Mgeni akichomwa, mguu au mkono utie kwenye maji ya moto kadiri anavyovumilia bila kuungua, sumu yake inaharibiwa na joto, halafu hospitali.

Kuchagua sehemu, hapo ulipo umekaa kwenye utajiri, hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma imetangazwa tangu 2000 na matumbawe magumu yamehesabiwa zaidi ya aina 250, Karibiani nzima haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo kwanza nenda ofisi ya hifadhi uelezwe maeneo na vibali, usianze kienyeji. Halafu tumia kile unachokijua toka mtoto. Mlango wa Ruvula una kina na mkondo mkali, mgeni asishuke pale isipokuwa maji yamesimama, na chagua siku za maji mafu, bamvua achana nayo, dirisha la maji kusimama linakuwa fupi mno na mtu akichelewa kidogo anatolewa nje bahari kuu. Maji yakijaa yanaleta maji safi ya bahari, yakikupwa yanatoa tope la mikoko, kwa hiyo lenga mwisho wa kujaa. Kuanzia Januari mvua zikikolea mto Ruvuma unaleta udongo na huoni mkono wako, na kusi ya Juni mpaka Agosti inapiga sana upande wa nje. Oktoba na Novemba ndo miezi yako, kusi imelala, kaskazi haijashika, na nyangumi bado wanapita, ambao kuna wageni watalipa kuwaona hata bila kulowa.

Wa snokeli wapeleke kwenye mwamba wa ndani wa ghuba, maji mafupi, mkondo mdogo. Wa mitungi wasubiri mpaka uwe na mtu mwenye cheti cha kuongoza wazamiaji, hilo sikufichi, kujua bahari unaijua kuliko yeye ila presha na hewa ni elimu yake. Na sehemu zilizopigwa baruti unazijua zilipo, usiwapeleke huko wakaona kifusi. Funga boya moja zuri kwenye sehemu yako bora, muombe fundi wa hifadhi akuoneshe linavyofungwa kwenye mchanga, na boti yako ifunge hapo kila siku, nanga ibaki ndani ya boti.